Kimondo si nyota iliyoanguka, na nyota mkia haipiti mbio

Kimondo kikipita usiku ufukweni Jambiani, hakosi mtu wa kusema, "Nyota imeanguka!" Na ukimwambia kesho twende tukatazame nyota mkia, anadhani ni kitu kilekile cha kufumba na kufumbua.

Hakuna nyota iliyoanguka. Kilichowaka ni punje, mara nyingi ndogo kama chembe ya mchanga ulioukalia, iliyoingia kwenye hewa ya dunia kwa kasi kubwa ikaungua kilomita 100 hivi juu yako. Nyota mkia ni bonge la barafu na vumbi linalozunguka jua, mbali mno. Ile ya Oktoba 2024, Tsuchinshan-ATLAS, ilionekana magharibi jioni baada ya jioni, imetulia tuli kama karabai ya wavuvi.

Udugu upo, lakini. Nyota mkia humwaga vumbi njiani, na dunia ikikatiza pale tunapata mvua ya vimondo. Vile vya Eta Akwaridi, mwanzoni mwa Mei, ni masalia ya nyota mkia ya Halley, ambayo yenyewe hairudi hadi 2061. Hapa Zanzibar tunaviona vizuri kuliko Ulaya. Perseidi, mvua ya vimondo ya Agosti wanayoisifu huko, kwetu hubaki chini upande wa kaskazini.

Tatizo la Mei ni masika. Mawingu yakifunguka, lala chali saa kumi alfajiri, uso mashariki, simu umeizima. Darubini iache nyumbani: huonyesha kipande kidogo tu cha anga, na kimondo hakingoji uielekeze.