Mwizi wa vyuma tunamkimbiza, mnunuzi tunamwacha na mizani yake

Ndugu zangu wa Tabora, Urambo, Kaliua, Nguruka, Uvinza mpaka Kigoma mwisho wa reli, leo naomba tuongee habari ya vyuma chakavu, maana hili jambo limefika pabaya na tukiendelea kulichukulia poa kuna siku tutazika watu wengi kwa mpigo. Kazi yangu ni usalama wa njia ya reli, na taasisi yetu inanituma vijijini kutoa elimu, kila mkutano swali ni hilohilo, "mtaalamu, mbona wezi wanakamatwa lakini vyuma bado vinaibiwa?" Jibu langu ni kwamba tunahangaika na kijana aliyefungua nati usiku, alafu yule aliyempimia asubuhi na kumpa hela tunamwacha aendelee na biashara yake. Hakuna mtu anaiba taruma, lile bao la chuma linalolala chini ya reli, akalitumie nyumbani kwake, anaiba kwasababu anajua kuna mtu atalipima na hatauliza limetoka wapi.

Kwanza niliweke sawa hili, sio kila mtu wa skrepa ni mwizi. Wale vijana wanaopita mitaani na toroli wanapiga kelele "vyuma chakavuuu" wengi wanahangaikia mkate wao kihalali, wananunua sufuria zilizotoboka, mabati yaliyooza, baiskeli zilizokufa, na wanatusaidia kusafisha mitaa yetu. Chuma hicho kinaenda viwandani kinayeyushwa kinarudi kwetu kama nondo. Alumini ndo usiseme, kuiyeyusha upya kunatumia kama asilimia 5 tu ya nishati inayotumika kuitengeneza kutoka kwenye udongo wake, kwaiyo biashara yenyewe ina faida kwa nchi na mimi sitaki ife. Nataka isafishwe.

Sasa njooni kwenye reli maana hapa ndo napajua vizuri. Reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, enzi za Mjerumani, na mpaka leo sehemu kubwa ya hii njia ya zamani imelala juu ya mataruma ya chuma. Upana wake kati ya reli na reli ni mita 1. Reli inashikwa kwenye taruma na vibano vidogo vya chuma, kimoja hata kilo haifiki, na pale reli mbili zinapokutana zinaunganishwa na vipande viwili vya chuma vinavyobanwa na bolti. Hivi vidogodogo ndo vinaibiwa zaidi kwasababu mtu mmoja na spana na kiroba anamaliza kazi usiku mmoja, hahitaji lori wala grenda.

Mtu anasema ah, kibano kimoja kina shida gani, treni si nzito itakandamiza tu. Hapana jamani. Uzito wa treni haukandamizi tu kwenda chini, unasukuma reli kwenda nje, hasa kwenye kona, na behewa moja la mzigo likijaa linaweza kupita tani 50. Ukitoa kibano kimoja vya jirani vinabeba, ukitoa vitatu vinne mfululizo reli inaanza kutanuka, na ikitanuka sentimita chache tu gurudumu la upande wa pili linadumbukia ndani, hapo hakuna breki wala dereva hodari, behewa linalala na yaliyo nyuma yake yanafuata. Na dereva hawezi kuona kibano kimetoka, yani hata mchana kweupe akiwa mbele kwenye kichwa cha treni haoni, anaona reli mbili zimenyooka kama kawaida. Hata akiona kitu, treni iliyobeba mzigo inaweza kuhitaji kilomita nzima au zaidi ndo isimame.

Alafu kuna jua la huku kwetu. Ile Septemba na Oktoba ya Tabora kabla mvua hazijaanza mnaijua, chuma kinaungua mpaka hukigusi. Reli yenye urefu wa kilomita 1 joto lake likipanda nyuzi 30 inataka kurefuka kama sentimita 34. Inazuiwa isipinde na vibano, mataruma na kokoto zilizoshindiliwa pembeni. Mwizi akishatoa vibano na kuchokonoa kokoto ili atoe taruma, jua la saa nane linamalizia, njia inapinda yenyewe bila treni yoyote kupita. Ndo maana mafundi wa njia wanatembea kwa miguu na kwa kiberenge kuikagua, ila hawawezi kuwa kila kilomita kila saa, na kati ya Kaliua na Malagarasi kuna mapori marefu ambayo macho ya kwanza ni ya mfugaji, mrina asali na mtu anayekwenda shambani.

Na mkumbuke treni hiyo imebeba nani. Imebeba mama anayetoka Kigoma na mawese na dagaa wake, imebeba wanafunzi, imebeba saruji na mafuta, mizigo inayokwenda bandari ya Kigoma na kuvuka kwenda Burundi na Kongo. Sasaivi tunajengewa na reli ya kisasa, kutoka Makutupora kuja Tabora, Tabora kwenda Isaka, Tabora kwenda Kigoma, na ile itatumia umeme, maana yake juu kutakuwa na nyaya na pembeni kutakuwa na nyaya nyingi za mawasiliano na za kushusha umeme ardhini. Tukiingia kwenye hiyo reli na tabia hizi tulizonazo, na soko la kopa, yani shaba, lilivyo, tutakuwa tumejengewa kitu cha gharama kubwa kwa ajili ya kukatwa vipande.

Upande wa umeme nao hauko salama. Kigoma kwa miaka mingi iliishi kwa majenereta ya dizeli mpaka ilipoungwa kwenye gridi ya taifa, watu waliusubiri umeme huo muda mrefu sana, leo mtu anapanda kwenye transfoma anakata waya wa shaba unaoshuka ardhini. Huo waya ndo njia ya radi kushuka, na radi za Kigoma wakati wa mvua hatuhitaji kuhadithiana. Wakikata waya wa nyutro, ule unaorudisha umeme, umeme wa nyumbani uliozoea volti 230 unaweza kupanda kuelekea volti 400, friji, tivii, mashine za kusaga, vyote vinaungua, na watu wanailaumu shirika la umeme kumbe waya uko kwenye kiroba cha mtu mtaa wa pili. Wengine wanafyonza mafuta ya transfoma. Yale mafuta kazi yake ni kupoza na kuzuia umeme usiruke, yakipungua mashine inajipika yenyewe mpaka inalipuka. Nasisitiza kwa akina mama wa vibanda vya chipsi na samaki, mafuta ya bei ya kutupa yasiyojulikana yalikotoka usiyanunue, transfoma za zamani zinaweza kuwa na kemikali inaitwa PCB ambayo dunia ilikubaliana kuiondoa kwenye Mkataba wa Stockholm wa 2001, na hiyo kemikali ni sumu ambayo ukiikaanga haiondoki.

Maji na barabara sitakaa sana, mnajionea wenyewe. Mita za maji zinang'olewa kwa ajili ya shaba yake na maji yanamwagika usiku kucha, maji ambayo Tabora tumeyaletewa kutoka Ziwa Victoria. Vibao vya barabarani na vyuma vya kingo za madaraja vinang'olewa, dereva mgeni wa fuso anafika kwenye kona kali usiku hana anachoonyeshwa.

Ila watoto lazima niwaseme. Mtoto akijua kuna mtu mtaani atampa mia mbili kwa kila chuma, ataokota kila chuma, hatachagua. Novemba 2017 kule Ngara, shule ya msingi Kihinga, bomu la mkono lililookotwa na mwanafunzi aliyedhani ni chuma chakavu lililipuka wanafunzi 5 wakafa na wengine wengi wakaumia. Ngara ni jirani na Kakonko na Kibondo, mpaka wa Burundi ni uleule, na vita vya huko vimeacha vitu porini. Kwaiyo mnunuzi anayepokea chuma kutoka kwa mtoto, hata kama ni kijiko, mimi namhesabu ni mtu wa hatari kijijini, na mwalimu mkuu au mwenyekiti wa kitongoji akimwona amkataze palepale asisubiri kikao.

Sasa turudi kwenye mizani. Mali ya wizi ina sura yake na mnunuzi yeyote mzoefu anaijua, asije akatudanganya. Taruma la reli halifanani na kitu kingine chochote, kibano cha reli hakuna fundi baiskeli anayekitumia, chuma cha pembe chenye matundu yaliyopangwa na rangi ya zinki ni cha mnara. Kopa iliyochomwa, nyeusi ina harufu ya plastiki, imechomwa ili isijulikane ilikuwa waya gani. Vipande vilivyokatwa na grenda vikiwa vipya kabisa, na mtu anayeleta alfajiri au usiku kwa bodaboda, anataka cash haraka na hagombanii bei, huyo hata bila kuuliza umeshamjua. Anayemnunulia amechagua mwenyewe kutokujua.

Na sheria haimwachi. Kwa Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, mtu anayepokea mali akijua au akiwa na sababu ya kuamini ni ya wizi anaweza kufungwa mpaka miaka 10, na ukikutwa na mali inayotiliwa shaka ukashindwa kueleza ulivyoipata hilo nalo ni kosa. Biashara yenyewe ya vyuma chakavu inahitaji kibali, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 na kanuni zake za taka hatarishi za 2021, kwaiyo mtu anayefungua godauni la skrepa nyuma ya nyumba na leseni ya duka la vinywaji ameshavunja sheria kabla hata hajanunua kilo moja. Kesi za kuhujumu miundombinu zinaweza kupelekwa kwenye uhujumu uchumi na huko dhamana sio jambo rahisi.

Wenzetu wamejaribu njia tofauti. Kenya, Januari 2022, minara ya umeme ilianguka nchi karibu nzima ikaingia gizani, serikali ikapiga marufuku biashara yote ya vyuma chakavu, ilipofika Mei ikaifungulia tena ikiwa na masharti. Mimi marufuku ya jumla siipendi, inamfungia mwenye haki na mwizi anahamia njia za panya. Uingereza walifanya kitu ambacho nakikubali zaidi, walikataza mnunuzi wa skrepa kulipa hela mkononi, na sheria yao ya 2013 inamlazimu athibitishe jina na anuani ya muuzaji. Sisi hili tunaliweza tena kirahisi kuliko wao, maana kila mtu ana laini ya simu. Mnunuzi alipe kwa simu, kila kilo, hata ya elfu mbili, jina linabaki na muda unabaki. Mwizi hataki jina lake libaki popote.

Na sio kitu kigeni kwetu. Huku kwa Wanyamwezi na Wasukuma ndiko sungusungu walikoanzia mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwasababu ya wizi wa ng'ombe na ujambazi, na mpaka leo ng'ombe hauzwi mnadani wala hasafirishwi bila karatasi ya kijiji alikotoka. Kama ng'ombe anahitaji karatasi, kwanini tani tano za chuma zinapita kwenye fuso bila karatasi? Halmashauri zina mamlaka ya kutunga sheria ndogo, kijiji nacho kinaweza kuanza, mkaweka kwamba kila mnunuzi awe na daftari lenye jina, namba ya NIDA na simu ya muuzaji na aina ya chuma, daftari hilo mtendaji na polisi kata walifungue muda wowote, biashara iishe jioni, asinunue kwa mtoto, asinunue kitu chochote cha reli, umeme au maji bila barua ya taasisi yenyewe, na alichonunua kikae siku kadhaa kabla ya kukatwakatwa au kupakiwa. Gari likitoka na mzigo liwe na barua ya mtendaji wa lilikopakilia. Taasisi na makandarasi nao waache kulaza mataruma ya zamani na vipande vya reli porini miezi na miezi, kile kinachotoka kihesabiwe, kitiwe alama, kiondolewe, maana chuma kilicholala bila mwenyewe ndo kinamfundisha kijana kazi. Na wizi mwingine unafanywa na watu wenye utaalamu, mtu anayejua kuzima transfoma na kushuka salama amefundishwa mahali, kwaiyo ukaguzi uanzie ndani.

Mwisho kabisa naomba hili walijue wote wanaoishi kando ya njia. Ukikuta vibano vimetolewa, bolti hazipo au reli imekatwa, usianze kukimbizana na wezi. Angalia namba iliyopo kwenye alama ya kilomita iliyo karibu, piga 112 au stesheni ya karibu, uwatajie hiyo namba na upande ulipo, mwenzako amwahi mwenyekiti na bodaboda. Kama unasikia treni inakuja, kimbia kuelekea inakotokea, uende mbali uwezavyo, zaidi ya kilomita kama miguu inaruhusu, alafu tikisa kitenge, shati, tawi, chochote, kwa nguvu na bila kuacha, usiku tikisa tochi au simu. Dereva amefundishwa kwamba kitu kinachotikiswa kwa fujo kando ya njia maana yake ni simama, hata kama sio bendera nyekundu. Wewe simama pembeni, usisimame katikati ya reli, na endelea kutikisa mpaka uone inapunguza mwendo.