Je, wajua kwa nini mawimbi na msitu wa mvua hukutana Tofino?

Tofino ni mji wa watu kama 2,500 kwenye pwani ya magharibi ya Kisiwa cha Vancouver, Kanada. Watu huuendea kuteleza juu ya mawimbi, na nyuma ya fukwe zake kuna mierezi mikubwa iliyofunikwa na kuvumwani. Mawimbi na msitu vyote huletwa na dhoruba za Pasifiki ya Kaskazini.

Wakati wa baridi, mgandamizo mdogo wa hewa hutawala karibu na visiwa vya Aleutian, huko Alaska. Pepo zake husukuma maji masafa marefu ya bahari wazi, na mawimbi hutua Cox Bay, ufuo mmoja wa Tofino, bila kukingwa na kisiwa chochote. Pepo hizohizo hubeba mvuke. Zikikutana na milima ya kisiwa hupanda, hupoa na kumwaga mvua, zaidi ya milimita 3,000 kwa mwaka.

Kwa hiyo anayejifunza aende Juni hadi Septemba, mawimbi yakiwa madogo. Desemba waachiwe wazoefu.

Lakini usidanganywe na kiangazi: maji hufika nyuzi 14 hivi tu, kwa kuwa upepo wa kaskazini-magharibi husukuma maji ya juu mbali na pwani na ya baridi hupanda kutoka chini. Vaa suti ya mpira yenye unene wa milimita 4 au 5. Wakati wa baridi ongeza kofia, glovu na viatu vyake. Suti hushika tabaka jembamba la maji, nao mwili huyapasha joto. Ikipwaya shingoni au mgongoni, kila wimbi huingiza maji mapya na utatetemeka mapema. Ijaribu ikiwa kavu: ibane kila mahali, kwapani isiwe na mikunjo.

Hatari kubwa zaidi ni mkondo unaorudi baharini, hasa kando ya miamba. Utautambua kwa ukanda ambao mawimbi hayavunjiki, mara nyingi maji yake yana mchanga. Ukikuchukua, usishindane nao. Ng'ang'ania ubao, piga makasia kwa mikono sambamba na ufuo hadi mawimbi yanapovunjika, kisha yakurudishe. Na maji yakijaa, usikae juu ya magogo ya ufukweni. Wimbi moja huweza kuviringisha gogo zito likakuponda.