Canoe si neno la Waingereza, na mtumbwi haupigwi makasia

Wengi huamini kwamba "canoe", yaani mtumbwi, ni neno la Kiingereza. Waingereza walilipokea tu. Wenye neno ni Wataino, watu wa visiwa vya Karibi, ambao Columbus aliwakuta Bahama, Kuba na Haiti mwaka 1492. Katika barua yake ya 1493 alivitaja vyombo vyao kwa jina lao wenyewe, canoa. Mnamo 1495 hivi, mwanasarufi wa Hispania, Antonio de Nebrija, akaliingiza neno hilo katika kamusi yake ya Kihispania na Kilatini, likawa neno la kwanza la Amerika kuingia humo. Jambo hili hunigusa sana: Wataino walinyang'anywa nchi, lakini jina la chombo chao limebaki vinywani mwa dunia nzima.

Dhana nyingine ni kwamba canoe lazima iwe ndogo. Columbus aliandika kuwa aliziona zenye watu 70 hadi 80, zote zimechongwa kwa gogo moja. Nazo zile za gome la mti tunazoziona pichani ni za watu wa misitu ya Kanada, waliokuwa na majina yao. Wazungu ndio waliozibandika jina la Karibi.

Kayak je? Hicho ni chombo kingine na neno jingine, la Wainuit wa nchi za barafu, waliokifunika juu kwa ngozi ya sili. Kwenye Olimpiki tazama herufi: C ni canoe, mchezaji hupiga goti na kafi lake, kifaa cha mkononi cha kusukumia chombo majini, lina bapa moja, K ni kayak, hukaa kitako na kafi lina bapa mbili.

Kosa la mwisho ni letu. Watangazaji husema mtumbwi "unapigwa makasia". Kasia hupitishwa kwenye kishwara, kitanzi cha kamba kilichofungwa ubavuni mwa chombo, na mvutaji huipa omo, yaani mbele ya chombo, mgongo. Sasa mtazame mvuvi akitoka na mtumbwi wake alfajiri. Kafi liko mikononi mwake tu, halikufungwa popote. Analizamisha karibu na ubavu, analivuta nyuma, analihamishia upande wa pili, na uso wake unaelekea kule aendako. Hapo anapiga kafi.