Ubaguzi wa rangi wa kikoloni na uchumi wa Kigoma: mjadala unakwama wapi

Katika midahalo ya historia ninayoalikwa kushiriki hapa Kigoma, swali huwa ni lilelile: je, baada ya zaidi ya miaka 60 ya Uhuru, ni haki kuendelea kuutaja ubaguzi wa rangi wa kikoloni kuwa chanzo cha hali yetu ya leo? Wapo wanaoliona jambo hilo kuwa kisingizio, na wapo wanaomtwika mkoloni kila kasoro. Mimi, ambaye kazi yangu ni historia ya uchumi, naona pande zote mbili zinauzungumzia ubaguzi kana kwamba ulikuwa matusi na mabango tu, ilhali nguvu yake kubwa ilikuwa katika kupanga nani alime nini, nani akopeshwe, na nani akatafute ujira wapi.

Utawala wa Waingereza uliihesabu Buha, yaani Kasulu, Kibondo na maeneo ya jirani, kuwa chimbuko la vibarua. Kodi ilidaiwa kwa fedha taslimu, zao la kuuza halikuhimizwa kwa dhati, na reli iliyofika Kigoma mwaka 1914 ikawa njia ya kuwasafirisha vijana kwenda mashamba ya mkonge ya mashariki. Kuanzia mwaka 1944 wenye mashamba walikuwa na wakala wao wa kuandikisha watu, Silabu. Hao walioandikishwa ndio manamba. Ujira wao ulikadiriwa kumtosha mtu mmoja tu, kwa hoja kwamba mke na watoto wa Mwafrika hulishwa na shamba la nyumbani. Hakuna aliyethubutu kumwambia hivyo meneja Mzungu. Hapo ndipo ninapouona ubaguzi wenyewe, kwa sababu wanawake na wazee waliobaki Kasulu na majembe yao ndio waliobeba gharama ambayo mwenye mkonge alikwepa kuilipa.

Pingamizi zito kuliko yote ni lile la Kilimanjaro. Wachaga nao walikuwa Waafrika chini ya serikali ileile, lakini walilima kahawa, wakaunda chama cha wakulima mwaka 1925 na kisha KNCU, chama chao kikuu cha ushirika, mwaka 1933, licha ya kelele za walowezi. Basi rangi peke yake haitoshi kueleza tofauti, na wanaolisema hili wana haki ya kusikilizwa. Ninachowajibu ni kwamba rangi iliweka dari, yaani Mwafrika awe ama mkulima mdogo au kibarua, kisha mipango ya serikali ikaamua ni mkoa upi utoe wakulima na upi utoe vibarua. Wala ardhi si sababu, maana Kalinzi na Matyazo, hapa hapa Kigoma, leo kunalimwa kahawa nzuri. Tulichopoteza ni miongo ambayo fedha ya kahawa kwingineko ilikuwa ikilipa karo na kujenga ushirika.

Kuhusu mikopo nitasema kwa ufupi. Tangu miaka ya 1920 sheria iliwabana wafanyabiashara wasiwakopeshe Waafrika bila idhini ya serikali, eti kwa kuwalinda na madeni, na biashara ya mijini ikabaki kwa sehemu kubwa mikononi mwa Wahindi, ambao wao wenyewe walibaguliwa na Wazungu. Utaifishaji wa majengo ya kupangisha mwaka 1971 uliwagusa Wahindi hao zaidi, bila kuwaletea mitaji wakulima wa Buha.

Siasa ilibadilika haraka. Mwezi Januari 1958, pale Tabora, mkutano wa TANU ulikubali kushiriki uchaguzi wa kura tatu, ambapo kila mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Zuberi Mtemvu, mwanachama wa TANU, akajitoa katika chama kwa kupinga uamuzi huo. Miaka michache baadaye mgawanyo wa shule kwa rangi ukafutwa. Mpangilio wa uchumi haukuwa na sheria moja ya kufuta, na serikali zetu wenyewe zilipopeleka barabara na umeme kwanza kule kulikokuwa tayari na mazao na wanunuzi, ziliuendeleza mpangilio ule bila kuangalia rangi ya mtu yeyote. Gridi ya taifa imetufikia katika muongo huu.