Saratani ya Mapafu: Isome Karatasi ya Damu Kabla ya Kukimbilia Vidonge

Mgonjwa wa saratani ya mapafu iliyosambaa akipimwa picha kamili ya damu, iwe hospitali ya Bombo au kituo kingine hapa Tanga, majibu mara nyingi huonyesha hemoglobini imeshuka, chembe nyeupe na chembe sahani (zinazogandisha damu) zimepanda. Ndugu hukimbilia duka la dawa: antibiotiki na vidonge vya madini ya chuma. Mara nyingi fedha hiyo hupotea bure, kwa kuwa kinachoivuruga damu ni uvimbe wenyewe, hata kama haujaingia kwenye uboho.

Hemoglobini chini ya gramu 13 kwa desilita kwa mwanamume, au 12 kwa mwanamke, ni upungufu wa damu. Saratani huchochea mwili kutoa intalukini-6, kemikali ya kinga ya mwili; ini nalo hujibu kwa kutengeneza hepsidini, homoni inayofungia chuma ghalani na kuuzuia utumbo usikifyonze. Ndiyo maana choya, matembele na vidonge haviipandishi damu hiyo. (Choya anywe tu, kama kinywaji.) Vidonge vina kazi pale kipimo cha feritini kinapoonyesha akiba ya chuma imeisha kweli, kwa mfano kwa anayekohoa damu. Kuongezewa damu hufikiriwa ikishuka chini ya 7, au juu kidogo ya hapo kama anahema kwa shida.

Chembe nyeupe, ambazo kawaida ni elfu 4 hadi 11 kwa mikrolita, zinaweza kuvuka elfu 20 bila maambukizi yoyote, maana baadhi ya uvimbe hutoa kichocheo cha uboho. Deksamethasoni, dawa ya steroidi, pia huzipandisha. Lakini homa ya nyuzi 38 haisubiri kesho.

Hofu kubwa ni damu kuganda, jambo ambalo daktari Mfaransa Armand Trousseau alilieleza tangu 1865. Chembe sahani zikifika elfu 350 kwa mikrolita kabla ya kuanza kemotherapia, huhesabiwa kigezo cha hatari, ingawa maabara nyingi huandika kuwa elfu 450 bado ni kawaida. Bonge huanzia mguuni, likichomoka huziba mshipa wa pafu. Basi la Tanga kwenda hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, ni saa nyingi za kukaa: mgonjwa anyweshwe maji, achezeshe vifundo vya miguu, ashuke linaposimama. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, usikandwe. Pumzi ikikata ghafla, ni hospitali papo hapo. Aspirini ya dukani haiyeyushi bonge, na humzidishia kutokwa damu anayekohoa damu.

Chembe sahani zikishuka ghafla pamoja na homa, apimwe malaria, na mapokezini waambiwe tarehe ya dripu yake ya mwisho ya kemotherapia, maana nayo huzishusha.