"Sina pingamizi": neno linaloamua kesi kabla ya hukumu

Tangu Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia izinduliwe mwaka 2023, mabanda ya ushauri wa sheria yamekuwa yakijaa, na hilo ni jema. Lakini katika mashauri ya jinai wengi wanatufikia sisi mawakili wakiwa wamechelewa. Ndugu anakuja na nakala ya hukumu, mtu wake ameshafungwa miaka 30, anataka wakili wa rufaa. Tunaisoma. Katika kurasa za mwanzo tu tunakuta askari mpelelezi ametoa maelezo ya onyo ya mshtakiwa, yaani yale aliyoandikwa polisi baada ya kuonywa kwamba yanaweza kutumika dhidi yake, ili yapokelewe kuwa kielelezo cha ushahidi, hakimu amemuuliza mshtakiwa kama anapinga, naye amejibu: "Sina pingamizi."

Mshtakiwa asiye na wakili hulichukulia swali hilo kama la adabu. Anaona kumkatalia hakimu ni utovu wa heshima. Baadaye, akiwa kwenye utetezi, ndipo anapoeleza kwamba alipigwa kituoni. Mahakama ya Rufani imeshasema mara nyingi kwamba dai la kuteswa hutolewa kabla kielelezo hakijapokelewa. Likitolewa kwa wakati, mahakama husimamisha kwanza kesi ya msingi na kuchunguza jinsi maelezo yalivyopatikana, na ni upande wa mashtaka unaotakiwa kuthibitisha kwamba yalitolewa kwa hiari. Likitolewa baadaye, huhesabiwa kuwa wazo la kujiokoa.

Kuna pia suala la muda. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inawapa polisi saa 4 za kumhoji mtu tangu anapowekwa chini ya ulinzi kwa kosa analotuhumiwa. Muda wa kumsafirisha hadi kituoni hauhesabiwi, wala muda wa kumsubiri wakili au ndugu aliyeitwa. Mpelelezi akiwa na sababu za msingi anaweza kuongeza muda usiozidi saa 8, na ni lazima amjulishe mhojiwa. Akihitaji zaidi ya hapo, anaomba kwa hakimu. Wakili hukagua saa ya kukamatwa, saa ya kuanza mahojiano na saa ya kumaliza, kwa sababu maelezo yaliyochukuliwa nje ya muda bila kibali yanaweza kuondolewa kwenye ushahidi. Naandika kwa ujumla. Kila shauri lina mazingira yake.

Vilevile shahidi asipododoswa, yaani asipoulizwa maswali ya kuupima ushahidi wake, kwenye jambo zito alilosema, mahakama inaweza kuchukulia kwamba umelikubali. Mshtakiwa aliyekaa mahabusu miezi kadhaa, hajui maswali ya dodoso ni nini, akisimama na kusema "sina swali", ameacha mengi yapite.

Kwa hiyo wanaotuuliza kila siku kwa nini tunatetea wauaji, tunawaomba waisome Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba. Hakuna muuaji mpaka mahakama iseme. Hili limeelezwa miaka na miaka na bado linarudi, hata kutoka kwa watu waliosoma. Mlalamikaji naye anapaswa kutaka mshtakiwa awe na wakili tangu mwanzo, maana hukumu iliyojengwa juu ya utaratibu mbovu hubatilishwa miaka kadhaa baadaye, wakati mashahidi wamehama au wamefariki.

Kuhusu dhamana, tunasisitiza. Mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha na utakatishaji fedha ni miongoni mwa makosa ambayo sheria imeyazuia kupewa dhamana, na mwaka 2020 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba kifungu cha sheria chenye zuio hilo hakikiuki Katiba. Mtu anayekuambia nje ya geti la mahakama kwamba "ana mtu wake ndani", na dhamana ya kesi ya mauaji itapatikana ukitoa kitu kidogo, ni tapeli. Ukimpa hakimu, karani au askari fedha ya namna hiyo, na wewe umetenda kosa. Chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa, mtoaji na mpokeaji wote hukabiliwa na faini isiyopungua Sh. 500,000 na isiyozidi Sh. 1,000,000, au kifungo cha miaka 3 hadi 5, au vyote viwili. Na kabla ya kumlipa anayejiita wakili, hakiki jina lake kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama. Vishoka ni wengi.

Asiye na uwezo asikae kimya. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inamruhusu hakimu au jaji kuthibitisha kwamba haki inahitaji mshtakiwa awe na wakili na kwamba hana fedha za kumlipa, kisha apangiwe wakili bila malipo. Mshtakiwa anaweza kulisema mwenyewe akiwa kizimbani, siku ya kwanza kabisa. Msaidizi wa kisheria wa mtaani kwenu atakuelekeza, ila haruhusiwi kusimama mahakamani kwa niaba yako.

Kama hukumu imeshatoka katika mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi, kusudio la kukata rufaa Mahakama Kuu hutolewa ndani ya siku 10, na rufaa yenyewe ndani ya siku 45, bila kuhesabu muda wa kusubiri nakala. Mfungwa huanzia kwa mkuu wa gereza. Ndugu wakija kwetu, waje na namba ya kesi, jina la mahakama, tarehe ya hukumu, na kama wanaikumbuka, saa aliyokamatwa.