Kesi Yako Iko Mikononi mwa Nani?

Mteja anapoingia ofisi ya mawakili huwa ana jina moja kichwani. Amesifiwa wakili fulani, naye anamtaka huyo huyo. Akiambiwa kwamba jalada lake litashughulikiwa na watu watatu, roho inamsita: je, ametupiwa wanagenzi? Au atalipia vichwa vitatu kwa kazi ya kichwa kimoja? Hilo la malipo ni swali la haki kabisa, nitalirudia.

Kwanza tuone kwa nini watatu. Chukua kampuni inayotaka kuinunua nyingine. Kuna hati za ardhi za kukagua, mikataba ya ajira, madeni ya kodi, leseni, alama za biashara, pengine na kesi ambayo muuzaji hakupenda kuitaja. Wakili anayekwambia yote hayo anayamudu peke yake kwa kina, mwogope.

Lakini wingi wa mawakili si ushirikiano. Mwaka 2023, katika mahakama ya shirikisho mjini New York, abiria mmoja alikuwa akilidai shirika la ndege la Avianca fidia, akisema kigari cha kugawia chakula kilimuumiza goti. Mawakili wake waliwasilisha hoja zilizotaja kesi ambazo hazijawahi kuwepo. Zilikuwa zimetungwa na programu ya ChatGPT. Jaji Kevin Castel akawatoza wao na ofisi yao faini ya dola 5,000. Wengi waliisimulia kama habari ya akili mnemba. Mimi kilichonigusa ni kingine: aliyefanya utafiti hakuwa na kibali cha kusimama katika mahakama ile, kwa hiyo mwenzake mwenye kibali ndiye aliyetia saini, bila kuzisoma kesi zilizotajwa. Walikuwa wawili, na jicho la pili halikufunguliwa. Kumwamini mwenzako ni jambo jema, ila saini ni yako.

Timu inayofanya kazi kweli utaiona ndani ya jalada. Wakili akitoka mahakamani huandika siku hiyo hiyo: jaji kaamuru nini, upande wa pili kaomba nini, hati gani iwasilishwe na lini, nani anaiandaa. Mistari minne au mitano tu. “Kesi imeahirishwa, tufuatilie” haimsaidii mtu. Aliyeandika hivyo akiugua kesho, anayelipokea jalada hatajua kwamba muda wa kuwasilisha utetezi unakwisha Ijumaa, na mahakama haina desturi ya kusamehe siku zilizopita kwa sababu mtu alikuwa na homa. Ndiyo maana tarehe za mwisho hazifai kukaa kwenye shajara ya mtu mmoja. Na rasimu ya mkataba iwe na mshika kalamu mmoja. Wengine watoe maoni. Nimeshaona rasimu tatu za mkataba mmoja, kila moja imeandikwa “ya mwisho”.

Kufanya kazi pamoja kuna mzigo wake pia. Siri uliyompa wakili mmoja inawafunga wenzake na makarani walioigusa. Vivyo hivyo mgongano wa maslahi: kwa kawaida, kama wakili mmoja wa ofisi anamtetea mpinzani wako, wenzake nao hawawezi kukupokea. Kwa hiyo usikasirike ukiulizwa majina ya wahusika wote kabla hata hujaeleza shida yako.

Sasa malipo. Kabla ya kusaini makubaliano, uliza nani atafanya nini, kwa kiwango gani, na kama mawakili wakikutana wenyewe kwa wenyewe kulijadili shauri lako utatozwa saa za wote waliokuwemo chumbani. Ofisi makini haioni aibu kujibu. Kisha siku moja piga simu ofisini wakati wakili wako mkuu yuko safarini. Atakayepokea akikutajia tarehe ya kesi na hatua iliyofikiwa, bila kukuomba usimulie upya tangu mwanzo, basi hapo unalipia timu.